Jina Lililomkwama Chatu

Paukwa!

Pakawa.

Nani yuko macho?

Sote tu macho.

Basi sogeeni karibu, na kila mmoja amshike mwenzake bega, asije akachukuliwa na usingizi. Ngano hii inatoka nchi ya usingizi.

Hapo zamani za kale, zamani ambapo mnyama alisema na mtu akajibu, palikuwa na kijiji kikiitwa Tulieni. Kilikuwa bondeni, vilima vimekizunguka kama kingo za bakuli. Asubuhi ukungu ulishuka ukajaa bondeni kama maziwa. Adhuhuri ukungu ulipanda, joto likakaa mahali pake, na watu wote wakalala. Walilala barazani, walilala kivulini, walilala na jembe mkononi. Hata jogoo wa Tulieni aliwika mara moja tu, kisha akasinzia.

Usingizi huo ulitoka kwenye maji. Palikuwa na chemchemi moja, hakuna nyingine, na maji yake yalikuwa baridi na matamu. Ukinywa kata moja, kiu inakwisha. Ukinywa kata mbili, unaota. Na ajabu yenyewe ni kwamba watu wa Tulieni waliota ndoto moja. Mmoja akiota mvua, jirani yake aliamka nywele zimelowa.

Katika kijiji hicho aliishi mwanamke jina lake Zuwena binti Faki. Alisuka mikeka. Hakuwa mwema sana wala hakuwa mbaya sana, alikuwa kama mimi na wewe. Na upande wa pili wa ua wake wa makuti aliishi mwanamke mwingine, mfinyanzi wa vyungu. Huyo watu walimwita Mgeni.

Alikuja Tulieni wakati wa masika, miaka kumi na miwili nyuma, na mzigo kichwani. Alipobisha hodi aliulizwa, "Nani mwenzetu?" Naye akajibu kwa adabu, kama ajibuvyo mtu asiyetaka kujikweza mlangoni kwa watu, "Mimi mgeni tu." Wakamkaribisha. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu walimpa jembe. Lakini jina hawakumwuliza, siku ya tatu wala mwaka wa tatu. Basi akawa Mgeni, na Mgeni akakaa.

Zuwena alipikia vyungu vya Mgeni. Mgeni alilalia mikeka ya Zuwena. Walipeana moto juu ya ua, wakapeana chumvi, wakaulizana hali kila asubuhi. "Umeamkaje, jirani?" "Salama, jirani." Miaka kumi na miwili ikapita hivyo, laini kama maji.

Sasa sikilizeni.

Kiangazi kimoja alitoka msituni Chatu. Alikuwa mkubwa, mrefu, mzito, magamba yake yana mistari ya rangi kama mkeka uliosukwa na mtu mwenye subira. Alikuja polepole. Akajizungusha kwenye chemchemi mara moja, akajizungusha mara mbili, akajizungusha mara tatu, akaweka kichwa juu ya mwili wake na kufumba macho.

Adhuhuri ile watu wote wa Tulieni walimwota. Na katika ndoto Chatu alisema nao kwa sauti ya upole, sauti ya mtu anayebembeleza mtoto.

"Sitaki ugomvi. Nipeni kuku. Kuku tu."

Wakaamka, wakatazamana. Jumbe wa kijiji akasema kuku ni kitu gani. Kuku wako wengi. Wakakamata kuku mmoja, wa kwanza aliyepita, wakamtupa, na Chatu akamwachia kila mtu nafasi ya kupitisha mtungi. Maji yakapatikana. Watu wakalala vizuri.

Mwezi ukaandama mwingine. Adhuhuri wakamwota tena.

"Nipeni mbuzi. Mbuzi tu."

Jumbe akasema mbuzi ni kitu gani. Mbuzi wako wengi. Wakafungua zizi la kwanza walilolikuta, wakamtoa mbuzi mmoja mweupe, Chatu akammeza. Lakini zizi lile lilikuwa la bibi kizee mmoja, Bi Mkasi, na mbuzi yule alikuwa na jina. Bi Mkasi alikwenda chemchemini kesho yake, akasimama mbele ya Chatu aliyelala na tumbo limevimba, akalia, "Kidosho! Kidosho wangu, njoo nyumbani."

Chatu akakohoa. Akakohoa tena. Kinywa kikafunguka, na Kidosho akatoka, amelowa, amekasirika, akamfuata bibi yake nyumbani bila kutazama nyuma.

Siku ile watu wote walimwota Chatu akiumwa na koo.

"Msinifanyie tena hivyo," alisema. "Mimi nameza kuku, nameza mbuzi, nameza mtu. Majina hayo ni laini, yanateleza. Lakini lile jina la mmoja peke yake lina mwiba. Likiitwa, linanikwama, nami hutapika. Kitakachokaa tumboni mwangu siku saba bila kuitwa, huwa Chatu. Basi sasa nipeni mtu. Mtu tu. Na safari hii nipeni asiye na wa kumwita."

Wazee wakakutana barazani kwa Jumbe. Na mimi nawaambia, hawakuwa watu wabaya. Wangeambiwa wamtoe fulani binti fulani, wangechukua mapanga. Lakini waliambiwa mtu, na mtu ni neno jepesi. Wakalizungusha mdomoni, wakaona halina uzito. Jumbe akauliza kama kuna yeyote Tulieni ambaye hana wa kumwita kwa jina.

Zuwena alikuwa pale pembeni, ameleta mkeka mpya wa baraza. Hakuwa na nia mbaya. Aliulizwa swali la kijiji, naye akajibu kama mtu anayetaja bei ya ukili wa mikeka.

"Labda Mgeni, jirani yangu. Hata mimi jina lake silijui."

Kisha Jumbe akasema, "Basi."

Neno hilo moja tu. Zuwena akarudi nyumbani, na njiani miguu yake ilikuwa mizito kama ya mtu anayetembea ndani ya maji.

Asubuhi wakamtuma Mgeni maji. Wakamwambia wazee wana kiu, na Chatu ameshiba, hana neno. Alipita karibu na ua wa Zuwena, mtungi begani, mikono ina udongo hadi viwikoni, maana alikuwa amewasha moto wa vyungu uani kwake.

"Jirani," alisema, "nakwenda mara moja. Ukiona moshi unazidi, nipunguzie kuni, vyungu visipasuke."

"Haya, jirani," alisema Zuwena.

Akamtazama akishuka kwenye njia, ukungu ukamchukua magoti, ukamchukua kiuno, ukamchukua mtungi. Zuwena alikuwa na mdomo, na mdomo ulikuwa na ulimi, lakini hakuita. Angeita nini?

Mgeni hakurudi.

Maji yakapatikana, mengi. Watu wakanywa kata mbili mbili, wakalala. Zuwena akapunguza kuni, vyungu vikaiva vyekundu vizuri, hakuna hata kimoja kilichopasuka. Akavipanga kwenye ukuta wa jirani yake, akarudi kwake, akalala na yeye.

Siku ya kwanza alilala. Siku ya pili alilala. Siku ya tatu akaota peke yake, jambo ambalo halijapata kutokea Tulieni.

Aliota yuko ndani ya nyumba ndefu, ya joto, isiyo na dirisha, na kuta zake zinapumua. Gizani mtu alikuwa anasema polepole, kama anayetafuta kitu alichokiangusha. "Mimi ni… mimi ni…" Kisha ananyamaza, anaanza tena. "Mimi ni…" Zuwena akaijua sauti. Ilikuwa ile inayomwamkia kila siku juu ya ua. Akaamka jasho linamtoka, na kijiji chote kimelala chali kwa utulivu, maana ndoto ile ilikuwa yake mwenyewe.

Akahesabu kwa vidole. Siku tatu zimekwenda, zimebaki nne.

Siku ya nne akashuka chemchemini. Chatu alikuwa amelala, tumbo limejaa, macho yamefumba nusu. Zuwena akasimama, akaita neno alilokuwa nalo.

"Mgeni!"

Tumbo likatikisika. Zikaja sauti nyingi. Korongo aliyemezwa akipita safarini alijibu, "Mimi mgeni." Nzige waliokuja na upepo walijibu, "Sisi wageni." Panya aliyehamia juzi akajibu, "Na mimi mgeni hapa." Wote wakainuka, wote wakakimbilia kooni, wakasongamana, wakasukumana, wakaanguka tena chini.

Chatu akafungua jicho moja.

"Umeita kundi," alisema, "na kundi halipiti kooni mwangu. Nenda ukalale, mama."

Zuwena akarudi amechoka. Mlangoni kwa jirani yake akamkuta Paka, amekaa mbele ya jiko lisilo na moto. Akamwuliza Paka, yeye alikuwa akimwitaje mwenye nyumba ile? Paka akasema hilo si la kuuliza. Yule alikuwa akimpa kichwa cha samaki kila jioni, akamkunia shingo, na siku za baridi akamlaza kwenye kanga yake. Yeye alimwita Mama.

Zuwena akafurahi, akaona amepata. Siku ya tano akashuka chemchemini, akaita kwa sauti tamu.

"Mama!"

Ndani ya tumbo kanga jike akaitika, "Bee, mwanangu." Swala jike akaitika, "Bee, mwanangu." Na kule juu kijijini, akina mama wote waliokuwa wamelala wakageuka ubavu na kunyoosha mkono kumpapasa mtoto. Hata Zuwena mwenyewe, aliyezaa mmoja na kumzika, alihisi moyo wake umeitwa. Lakini kooni mwa Chatu walisongamana mama wote, wakaanguka tena chini.

"Neno zuri," alisema Chatu, naye macho yake yalikuwa na usingizi mwingi. "Hata mimi nilikuwa naye. Lakini ni neno la wengi."

Zuwena akarudi akilia. Njiani akakutana na Punda, yule aliyekuwa akimbebea jirani yake udongo kutoka vilimani. Akamwuliza naye. Punda akafikiri muda mrefu, maana punda hafikiri upesi. Akasema yeye hajui mambo ya jikoni wala ya watoto. Anachojua ni kwamba katika kijiji kizima mikono iliyojua udongo ilikuwa miwili tu, ya yule mwanamke. Mtu akisema mfinyanzi, anamsema yeye.

Zuwena akaona hilo lina akili. Mama ni wengi, wageni ni wengi, lakini mfinyanzi ni mmoja. Siku ya sita akashuka mbio.

"Mfinyanzi!"

Pakawa kimya. Kisha kitu kikapanda. Zuwena akaona shingo ya Chatu inavimba, uvimbe unapanda polepole, unapanda, na kinywa kikaanza kufunguka. Akaona vidole. Vilikuwa vidole vya jirani yake, na udongo bado umekauka kwenye kucha. Akavishika. Vilikuwa vya baridi.

Lakini nyuma ya vidole pakasikika mvumo mdogo. Alikuwa nyigu, yule anayejenga nyumba za udongo ukutani, naye alikuwa amemezwa. "Mfinyanzi ni mimi," alisema nyigu. "Na mama yangu alikuwa mfinyanzi, na watoto wangu watakuwa wafinyanzi." Akapiga mbawa akizuia njia. Na sauti ya jirani ikatoka kooni, nyembamba kama uzi.

"Mfinyanzi ni kazi ya mikono yangu. Mwenye mikono ni nani? Niambie, jirani. Mimi nimeanza kusahau."

Vidole vikateleza. Zuwena akabaki na vumbi la udongo kiganjani.

Akakaa chini pale pale. Akalia kama alivyolia siku ya kumzika mwanawe. Chatu hakumcheka. Alimwambia kwa upole kwamba imebaki siku moja, na kwamba kesho jua likizama mtu yule atakuwa Chatu, na hatakuwa na uchungu wowote, maana Chatu hawana uchungu, wana shibe na usingizi. Zuwena akaona kwamba upole ule ni mbaya kuliko meno.

Siku ya saba hakulala. Asubuhi, kabla ukungu haujapanda, aliingia nyumba ya jirani yake. Ilikuwa mara ya kwanza kuingia hadi ndani. Miaka yote walikuwa wakizungumza juu ya ua. Akatafuta kila mahali. Aliona kitanda kimoja, mkeka aliousuka Zuwena mwenyewe, umechakaa upande mmoja tu, upande wa mtu mmoja. Aliona kata, kanga mbili, mafiga matatu. Jina halikuwapo. Jina haliwekwi kwenye kikapu.

Akakaa juu ya mkeka, akasema kwa sauti, lakini si kwa mtu yeyote, "Nimeishi na mtu miaka kumi na miwili, na sina hata neno moja lake."

Juu ya ukuta Mjusi akageuza kichwa.

"Kwani wataka nini?" aliuliza. Alikuwa mjusi mdogo wa ukutani, mweupe, unamwona hadi moyo.

Zuwena akamweleza. Mjusi akasikiliza, akala mbu mmoja, kisha akasema kwamba yeye alizaliwa ukuta ule na hajatoka. Na kila siku ya maisha yake, alfajiri, kabla ya kuwasha moto, mwenye nyumba alikuwa akikaa kitandani, anajipangusa uso kwa viganja viwili na kusema maneno yale yale.

"Maneno gani?"

"Mashavu, amka. Kumekucha."

Zuwena akainamisha kichwa. Akaona Mjusi hana akili.

"Mashavu kila mtu anayo," alisema. "Mimi ninayo, Jumbe anayo, hata panya anayo. Nikiita mashavu, litainuka tumbo zima."

"Wewe husikii," alisema Mjusi. "Hakusema mashavu yaamke. Alisema Mashavu, amka. Mashavu ya uso huoshwa, hayaamshwi. Huyo aliyekuwa akimwamsha ni mtu, na mtu huyo ni yeye." Akala mbu mwingine. "Siku moja alinieleza, maana hakuwa na wa kumweleza. Alizaliwa na mashavu mawili makubwa kama maandazi. Bibi yake akamchukua, akacheka hadi machozi, akasema huyu ndiye Mashavu. Basi. Wale walioliita jina hilo walikufa wote, ndipo akaondoka kwao. Na kwa kuwa huku hakuna aliyemwuliza, alikuwa akijiita mwenyewe kila alfajiri, mara moja, lisipotee."

Zuwena akamwona rohoni jirani yake, kila alfajiri ya miaka kumi na miwili, hatua kumi kutoka kitandani pake, akijiita kwa sauti ndogo ili asipotee. Na yeye, Zuwena, upande wa pili wa ua, amelala.

Akainuka, akakimbia.

Lakini siku ile joto lilishuka mapema, na usingizi wa Tulieni ukamkamata njiani. Miguu ikawa pamba. Kope zikawa mawe. Njia ikarefuka kama njia za ndotoni, ukipiga hatua moja, chemchemi inarudi nyuma hatua mbili. Alianguka, akainuka. Alianguka tena, akainuka. Mara ya tatu alianguka na hakuweza kuinuka, akatambaa. Na alipokuwa akitambaa alisema neno lile, tena na tena, asije akalala likamtoka. Alipofika chemchemini jua lilikuwa limegusa kilima.

Tumbo la Chatu lilikuwa limeanza kunywea. Chatu alitabasamu usingizini.

Zuwena akaweka mdomo kwenye magamba. Hakupiga kelele. Alisema kama anavyosema mtu anayemwamsha mwenzake asubuhi.

"Mashavu, amka. Kumekucha."

Korongo hakuitika. Nzige hawakuitika. Kanga na swala walikaa kimya, na nyigu akakunja mbawa, maana neno lile halikuwa lao. Tumbo zima likamsikiliza mmoja.

Kisha sauti ikauliza, "Nani aliyekwambia?"

"Nimechelewa kuuliza," alisema Zuwena. "Nisamehe. Toka, Mashavu."

Chatu akaamka. Akatanua kinywa, akajipinda, akapiga mkia hadi maji yakaruka. Mwiba ulikuwa umekwama. Akakohoa mara moja, akakohoa mara mbili, akakohoa mara tatu, na Mashavu akatoka. Alitoka amelowa, anatetemeka, macho yanatafuta mwanga. Walikaa chini wawili wale wameshikana mikono hadi jua likazama. Baadaye Zuwena alimweleza yote, pamoja na maneno aliyoyasema barazani. Hakuficha. Mashavu akauliza vyungu vyake vilitokaje motoni.

"Vyekundu vizuri," alisema Zuwena. "Hakuna kilichopasuka."

"Basi twende nyumbani."

Kesho yake adhuhuri, watu wote wakamwota Chatu, na safari hii hakubembeleza.

"Tumbo langu halina mtu. Nataka mtu. Msiponiletea, nitapanda mwenyewe nichukue mtu."

Wakaamka na hofu. Jumbe akaanza kuuliza swali lile lile, nani hana wa kumwita. Lakini Mashavu akasimama mbele ya baraza. Hakuna aliyeweza kumtazama usoni. Alisema asitumwe mtu yeyote. Waende wote, na kila mmoja amshike jirani yake mkono, na ahakikishe anajua jina lake.

Loo, njia nzima ilikuwa kuulizana. Kumbe kulikuwa na watu waliojuana kwa baba Fulani na mama Fulani, kwa kinyozi na mwuza ndizi na yule wa mlango wa bluu. Waliulizana kwa haya, wakajibiana kwa haya, na kila aliyejibu alionekana amesimama wima kidogo.

Chatu akafungua kinywa.

"Mtu yuko wapi?"

"Mtu hayupo," alisema Zuwena. "Huyu ni Mashavu."

Chatu akakohoa.

Mashavu akamshika Bi Mkasi. "Huyu ni Mkasi."

Bi Mkasi akamshika kinyozi. "Huyu ni Tamimu." Tamimu akamshika mkewe. "Huyu ni Mwanakheri." Jina likafuata jina, mwiba ukafuata mwiba, na Chatu akawa anarudi nyuma, mzunguko mmoja unafunguka, mzunguko wa pili unafunguka. Hatimaye akabaki mtu mmoja tu, Jumbe. Aliyesimama karibu naye akafungua mdomo, akaufunga. Mwingine akasema, "Huyu ni Jumbe." Macho ya Chatu yakang'aa, maana majumbe alikwisha kuwameza wengi, tena walikuwa laini kuliko kuku. Akanyoosha shingo.

Jumbe akatazama huku na huku. Miaka arobaini alikuwa Jumbe. Walioijua sura yake ya utoto walikuwa wamekufa. Akajiona yuko peke yake kabisa, kama mtu aliyeshuka na mtungi kwenye ukungu.

Mashavu ndiye aliyemwendea. Akamshika mkono.

"Jina lako nani, baba?"

Mzee akalitafuta kichwani. Kisha akanong'ona kama mtoto. "Machano. Bibi yangu aliniita Machano."

Mashavu akamgeukia Chatu. "Huyu ni Machano," alisema.

Chatu akajifungua mzunguko wa tatu. Akaenda polepole kama alivyokuja, akiburuta tumbo lake lisilo na mtu, akaingia msituni, na Tulieni haikumwota tena.

Jumbe alikaa chini kwenye matope, analia. Mashavu akachota maji kwa kata, akampa. Mzee akanywa, akamrudishia kata kwa mikono miwili, akasema, "Ahsante, Mashavu."

Wasikilizaji wangu, hilo ndilo fundisho. Kuna jina la wote na kuna jina la mmoja. Mtu ni jina la wote, na mgeni, na jirani, na mama, na jumbe. Ni majina mema, yana kazi yake, tunayatumia kila siku. Lakini jina la wote ni rahisi kumtupia chatu. Ukisikia watu wanasema mtu mmoja tu, mtoto mmoja tu, mgeni mmoja tu, uliza kwanza anaitwa nani. Ukishajua jina lake, hutaweza tena kumtoa.

Ngano yangu imekata kamba hapa. Aliyeipenda aiokote, aende nayo kwao. Asiyeipenda aniachie, nitailalia mwenyewe.